Abiria wa Vamizi Ndani ya Chombo cha Chuma

Ukitaka kucheka, cheka sasa, tumalize. Wajukuu zangu hucheka, imamu wetu alicheka mpaka akavua kofia, na hata mke wangu, ambaye huniamini katika mambo mengi, kwa hili huniangalia pembeni. Mimi sibadilishi neno. Haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, mchana kweupe, sina homa, wala sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai ya dada yangu. Na chai ya dada yangu haijawahi kumlevya mtu.

Ilikuwa Mocímboa da Praia, vita vya kumwondoa Mreno vikiwa vimepamba moto. Wapiganaji wako msituni, askari wako mjini, na sisi tuko katikati tukijifanya hatusikii kitu. Vyombo vyetu vya mbao vilikatazwa kutoka nje ya bandari, kwa hofu kwamba tunavusha watu na silaha. Mimi ni fundi wa vyombo vya mbao, mtoto wa fundi na mjukuu wa fundi. Kwa hiyo miaka ile sikuwa na kazi, nilikuwa na maoni tu.

Dada yangu Mwanaidi alikuwa ameolewa na Damião, mtu wa Ibo, fundi mitambo pale bandarini. Shemeji yule alikuwa na mikono ya ajabu, na mikono ile ndiyo iliyomponza. Alitengeneza redio ya mtu aliyesema ni ya dukani kwake, kumbe ikaenda kwa wapiganaji. Hazikupita siku nyingi, polisi wa siri wakaanza kupita karakana yake. Wanasalimia vizuri, wanauliza habari za watoto, tena kwa majina. Polisi wakishakuulizia watoto wako kwa majina, unasubiri nini tena? Ilibidi aondoke na mkewe na watoto wao wawili, mpaka Shelisheli kwa kaka yake.

Lakini angeondokaje? Barabara zilitegwa mabomu. Jahazi lingerudishwa kabla halijamaliza kupandisha tanga. Kilichokuwa bado kinapewa ruhusa na kapitania, ofisi ya bandari, ni iate, chombo cha starehe cha kutembeza familia. Na iate ilikuwepo, tena mlangoni mwetu. Mzungu mmoja alikuja zamani kidogo kujijengea chombo cha tanga cha chuma, azunguke dunia na mkewe na wanawe. Alimaliza bodi na sitaha, vita vikamkuta, akamwachia Damião kila kitu akapanda ndege. Kile chombo kilikaa juu ya mchanga mwisho wa bandari, chekundu kwa kutu, kuku wakitaga chini yake.

Hapo ndipo tulipoanza kugombana, mimi na shemeji, kila jioni juu ya sinia la wali. Mimi nilisema chuma hakina urafiki na maji. Kinazama, kinaoka watu jua likiwaka, kinatoa jasho ndani usiku, na dira ikikaa karibu nacho inachanganyikiwa. Yeye alijibu taratibu, akichambua samaki. Mbao ikigonga mwamba inapasuka, chuma kinabonyea. Mbao inataka kalafati na mafuta kila mwaka, chuma kinazibwa mapengo kwa moto, na mtu wa kuchomelea yupo kila bandari. Dira atairekebisha kwa sumaku. Jasho atalizuia kwa magome ya mti, yale ya kutengenezea vizibo, atakayobandika ndani.

Mwanaidi alitusikiliza hivyo kwa siku kadhaa. Mwishowe akasema, "Nyie mnabishana vyuma na miti, mimi nitalala mle na wanangu. Kaka, ingia ukagonge kila bamba. Ukiniambia kizima, napanda. Ukiniambia kibovu, tunabaki na litakalokuwa na liwe."

Unaona mzigo alionitwika? Nikisema kibovu, shemeji anachukuliwa. Nikisema kizima nami nimekosea, dada na wapwa zangu wanakwenda chini kwenye kina kisicho na jina. Usiku ule sikula.

Sasa sikiliza hapa, maana shida yote inaanzia hapa. Sisi mafundi tuna desturi yetu. Kabla ya kupiga ubao wa kwanza, chombo kikiwa bado mkuku mtupu, ule mti wa chini unaobeba vyote, umelala kwenye mchanga, tunachukua misumari minne ya chuma iliyosomewa dua na kuipigilia, ili kisije kikaingiwa na kitu. Majini na chuma hawapatani, jini hapiti penye chuma, hilo kila mtoto wa pwani analijua. Basi mimi, kwa akili zangu nyingi, nikaona siwezi kufanya kazi bila desturi. Mlango wa sitahani ulikuwa na fremu ya mninga. Nikaipigilia misumari yangu, kila pembe mmoja, nikasoma nilichojifunza kwa baba, nikashuka ndani nikiwa mtu mwenye amani kabisa.

Kazi ya kugonga ni ya masikio. Bamba zima linalia kama kengele ya shule, bamba lililoliwa linajibu kwa uvivu. Nikawa nagonga, natia chaki, nasogea. Siku ya pili ikafika adhuhuri, watu wote wametawanyika, bandari kimya. Nami nilipaswa kutoka, kwa kuwa mle ndani palikuwa tanuri. Nikasema ngoja nimalizie upande wa kushoto.

Nikagonga mara tatu. Nikajibiwa mara tatu.

Nikadhani ni mpwa wangu anacheza nje. Nikapanda, nikachungulia. Mchanga mtupu, kuku wamelala kivulini. Nikarudi, nikagonga mara mbili. Nikajibiwa mara mbili, na safari hii sauti haikutoka nje. Ilitoka mbele kule gizani, kwenye omo, mle mle ndani nilimokuwa.

Amini usiamini, sikukimbia. Si ushujaa. Nilikuwa bado natafuta nyundo ya pili iko wapi.

"Hapo pazima," sauti ikasema. "Toka asubuhi unapigapiga pazima, unanipasua kichwa tu."

Alikuwa mwanamke wa makamo, amekaa juu ya taruma, ubavu wa chombo, kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati. Pembeni yake palikuwa na furushi kubwa, na juu ya furushi sufuria. Nguo zake nyeupe pe. Nami nilikuwa nimegeuka mwekundu kwa vumbi la kutu toka kope mpaka vidole vya miguu! Sakafu yote ilifunikwa na maganda ya kutu, nyayo zangu zilionekana kila nilipokanyaga, na kwake hapakuwa na hata alama moja. Hakuwa na tone la jasho. Nikajua.

Nikamsalimia shikamoo, ningefanya nini? Akaitikia marahaba, kisha akaanza kunigombeza. Alisema yeye ni mkazi wa kisiwa cha Vamizi, alikuja huku kumtembelea ndugu yake, makelele ya boti za askari yakamchosha akaingia mle kupumzika. Chombo alikiona kizuri, kina kivuli, hakina mtu. Kwa muda wote ule alikuwa anatoka na kuingia kwa mlango wa mti bila taabu. Mpaka amekuja fundi mmoja mwerevu.

"Wewe misumari yako unapiga kuzuia watu wasiingie," akasema. "Hukuuliza kama kuna aliye ndani?"

Kwenye mkuku mtupu hakuna ndani, kwa hiyo babu na baba hawakuwahi kuhitaji kuuliza. Mimi nilichukua desturi ya chombo ambacho hakijawa, nikaiweka juu ya chombo kilichokwisha kuwa na mlango, tena chuma pande zote. Nilikuwa nimemfungia bibi wa watu kwenye kopo.

Nikamwomba radhi, nikamwambia naing'oa misumari sasa hivi. Pia nikamwomba kitu, sioni haya kusema. Nikamwambia dada yangu na watoto watasafiri na chombo hiki safari ndefu, na mimi masikio yangu yamezoea mti. Aniambie ukweli: kizima?

Akanitazama kidogo, hasira zikashuka. Akanyoosha mkono chini, ngamani, pale Mzungu alipokuwa ameweka tangi la maji. Nilikuwa nimepapita pale asubuhi kwa sababu rangi ilikuwa nzuri, inang'aa, na tangi lilinizuia kufika vizuri. Nikalisukuma tangi, nikapiga.

Nyundo ikapita. Wallahi ikapita kama inapita kwenye papai, mwanga wa mchanga ukaingia kwa chini.

Nilikaa pale nimeshika mpini, natazama lile tundu, namwona Mwanaidi amelala na wanawe juu yake. Nililia kidogo. Bibi yule alisubiri nimalize. Kisha akasema, sasa tuzungumzie nauli. Alitaka kufikishwa Vamizi, kwani mzigo ulikuwa mzito na kuogelea na sufuria hawezi.

Nikang'oa misumari. Damião nilimwonyesha tundu tu, habari ya bibi nikaiweka. Alikata sehemu yote iliyooza, akachomelea bamba jipya nene, akalisugua, akalipaka rangi mara kadhaa. Tukaongeza mlingoti na matanga. Maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, yalipofika, nusu ya bandari ilikuja kusukuma juu ya magogo, wakiimba na kututania kwamba tunateremsha sufuria.

Kikaelea. Lakini kililalia kushoto.

Shemeji akahangaika. Akahamisha mapipa ya maji kulia, akahamisha farumi, yale mawe ya kutulizia chombo, akahamisha hata watoto. Kililalia kushoto vilevile. Akasema kuna maji yanaingia mahali, hawezi kubeba familia namna hii, lazima kitolewe tena kikaguliwe. Na asubuhi ile ile jirani yetu alikuwa amechukuliwa na polisi kwenda kuhojiwa. Kukitoa kulimaanisha kungoja bamvua nyingine. Nani angengoja?

Nikamvuta Mwanaidi pembeni, nikamweleza yote, na sufuria. Nilitegemea anicheke. Dada yangu akajitanda kanga vizuri, akashuka ndani peke yake. Nilimsikia akisema kwa heshima zote, kama anavyozungumza na mama mkwe, "Shikamoo bibi. Karibu sana. Tunaomba usogee katikati, mume wangu ana wasiwasi."

Chombo kikainuka taratibu, kikakaa sawa. Damião alikuwa kwenye mtumbwi ameshika kipimo chake, mdomo wazi. Akasema labda ni farumi imejipanga yenyewe. Nikamjibu labda.

Kilikuwa kimezama kidogo tu kupita mstari wa rangi, upana wa kidole. Kapitania ikatugongea muhuri, mimi nikaandikwa baharia, tukatoka. Niliwaongoza kwenye njia za miamba mpaka Vamizi, na njia nzima Mwanaidi alipokunywa chai alimimina kikombe cha ziada akakiweka chini. Kilirudi kitupu, na watoto waliapa hawakukigusa.

Tulipofika upande wa kisiwa wenye kina, tangi la maji likalia lenyewe, mara tatu. Kisha nikahisi miguuni chombo kimepumua. Sote tulichungulia nje. Mstari wa rangi, ambao tangu tushushe chombo ulikuwa chini ya maji, ulikuwa juu, unachuruzika. Damião, mtu wa vipimo na sumaku, alifanya ishara ya msalaba, kisha akamtazama mkewe, kisha akacheka mpaka akashika mlingoti. Alikuwa hajacheka tangu siku ya redio.

Pale ndipo tulipoachana. Nilishuka kwenye ngalawa ya watu wa kisiwa waliokubali kunirudisha. Dada alinishika mkono, akaniambia tu niache kula chumvi nyingi. Kapitania niliwaambia baharia nimefukuzwa kwa uvivu. Walikubali haraka kuliko nilivyopenda.

Miaka ikapita bila habari. Ulipokuja uhuru, mimi nikiwa nimekwisha kujiandaa kwa habari mbaya, chombo cha chuma kikaingia bandarini na dada yangu amesimama sitahani, mnene, ananikemea kutoka mbali kwamba nimekonda. Nilipomaliza kulia nilipiga mbizi kutazama chini. Walikuwa wamegonga mwamba karibu na Komoro, usiku, kwa nguvu, akaniambia. Nikaupata mbonyeo kwa kiganja, mkubwa kama beseni, katikati kabisa ya lile bamba jipya. Haukuwa na ufa.

Tangu siku zile siwezi kugonga chuma bila kusubiri jibu. Mke wangu akiniita nizibe sufuria, nagonga, nanyamaza, natega sikio, naye anaondoka zake akitikisa kichwa. Mara nyingi hakuna kitu. Mara nyingi, nimesema.

Nawe unayenisikiliza, weka kinga zako zote upendavyo, sikukatazi. Piga misumari, soma, funga. Ila kama hicho unachokifunga tayari kina ndani, bisha hodi kwanza, na ukiitikiwa, toa shikamoo.