Konde Mbele ya Watani

Kazi ya Twalibu ilikuwa kupasua mbao. Gogo la mninga hulazwa juu ya shimo, mtu mmoja husimama juu ya gogo, mwingine hushuka shimoni, na msumeno mrefu hupanda na kushuka kati yao kutwa nzima. Twalibu alikuwa mtu wa juu. Mtu wa chini alikuwa rafiki yake Mwinyimvua, mwembamba, mwenye maneno mengi, ambaye kila jioni alitoka shimoni amejaa unga wa mbao mpaka kwenye kope. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Twalibu mabega yale ambayo watu wa kijiji chake, Umwe, waliyatazama msikitini, kanzu ikimbana kama ya kuazima.

Lakini mbao zilikuwa chakula tu. Moyo wake ulikuwa kwenye ngumi.

Alijifunzia Jeshi la Kujenga Taifa. Siku hizo ngumi zilikuwa za ridhaa: fulana, kofia ya kukinga kichwa, raundi tatu, na mshindi akapewa kikombe cha kupigia picha kisha kikarudishwa kabatini. Aliporudi kwao hakukuta ulingo, wala glovu, wala mtu wa kupigana naye. Alijaza unga wa mbao kwenye gunia, akalitundika nyuma ya nyumba, akalipiga miaka.

Imamu alimwita mara moja akamweleza kwa upole kwamba uso wa mwanadamu haupigwi.

"Kifua sina neno," alisema imamu. "Uso, hapana. Tumekatazwa."

"Na yeye akinipiga uso, sheikh?"

"Hiyo dhambi yake."

"Basi nitakuwa nakwenda peponi nimevimba."

Imamu alicheka, lakini hakubadili neno. Mke wa Twalibu, Mwanawetu, hakutia dini katika jambo hilo. Aliwahi kumwona bondia mmoja mzee mjini aliyekuwa akisahau jina la mtoto wake, na tangu hapo kila Twalibu alipokwenda kwenye gunia, yeye alianza kutwanga kwa nguvu, kinu kikijibu gunia, mpaka mmoja wao achoke.

Ndipo ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Mitumba ikamwagika Kibiti, redio zikashuka bei, na nyumba moja karibu na stendi ikawekwa video. Pale watu waliona, kwa mara ya kwanza, mabondia wenye vifua wazi wanaopigana raundi kumi na mbili na kushuka ulingoni matajiri. Neno jipya likaingia vijiweni: ngumi za kulipwa. Wengine walisema ni maendeleo. Wengine, hasa wazee waliozoea michezo ya fulana, walisema ni mtu kuuza damu yake kwa kilo kama korosho. Walibishana mpaka chai ikapoa. Twalibu alisikiliza pande zote mbili na akagundua kwamba anapenda upande mmoja tu, kwa sababu upande mwingine ulikuwa umeshamsahau.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa wakati promota Sadallah alipofika kutoka Dar na gari lenye kamba za ulingo. Sadallah alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alisema ataandaa pambano Kibiti, na atakayeshinda atampeleka Dar, kwenye ukumbi, mbele ya watu wanaojua ngumi. Aliongeza, kwa haraka, kwamba anayetia sahihi ngumi za kulipwa harudi tena kwenye za ridhaa. Ndiyo kanuni. Twalibu akatia sahihi kabla sentensi haijaisha.

Aliyemtafutia mpinzani alikuwa Mwalimu Wilbrod, mtu wa Bukoba, aliyefundisha hesabu shule ya msingi na kumfundisha Twalibu ngumi jioni kwa mapenzi tu. Alirudi siku moja uso unang'aa.

"Nimempata. Deusdedit, utingo kwenye malori ya kampuni ya barabara. Uzito wenu mmoja. Kacheza Songea, kacheza Mtwara."

"Songea? Mngoni?"

"Mngoni, ndiyo. Kwani nini?"

"Mwalimu, yule mtani wangu."

"Mtani wako kivipi? Ni ndugu yako?"

"Si ndugu. Sisi Wamatumbi na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, ndipo wakawekeana utani. Sasa yeye anaweza kunivua kofia akaondoka nayo, na mimi nicheke. Nikikasirika, nimekosa mimi."

Mwalimu Wilbrod alimtazama kama anayetazama jibu lisilolingana na swali. "Twalibu. Ulingoni kuna mabondia wawili na mwamuzi. Utani utakaa nje ya kamba."

Twalibu alijua kwamba hautakaa nje. Lakini Sadallah alikuwa ameshabandika karatasi kwenye miti, na kukataa kulikuwa ni kubaki na gunia. Akakubali.

Pambano liliwekwa Jumamosi baada ya sala ya alasiri, kwenye uwanja wa shule. Mbao za ulingo zilipasuliwa na Twalibu na Mwinyimvua wenyewe. Watu walitoka Ruaruke kwa baiskeli, walitoka Ikwiriri wamesimama nyuma ya malori. Wangoni wa Kibiti hawakuwa wengi, lakini wote walikuja, na mbele yao alikuwa Theopista, muuza chapati wa stendi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita basi lililokwisha kuondoka.

Twalibu alipofika kwenye kona yake alimkuta Theopista amekalia kiti chake.

"Karibu, Mmatumbi," alisema. "Nimekupashia moto."

Watu wakaangua kicheko. Twalibu akalazimisha tabasamu.

"Shangazi, naomba kiti."

"Kiti? Ninyi mmeshuka milimani juzi, kiti mmekijulia wapi? Chuchumaa!"

"Afadhali sisi tumeshuka," alidakia Mzee Mshamu, mjomba wake Twalibu, kutoka kwenye umati. "Ninyi mmetembea kwa miguu kutoka kwa Wazulu, na nyayo bado zimevimba!"

Wakacheka tena, pande zote mbili. Mwamuzi, aliyeletwa kutoka Dar, aliuliza kama pambano limeanza. Mwalimu Wilbrod alikuwa akifunga glovu za Twalibu, midomo imekaza.

Kengele ikagonga, na kwa raundi mbili ikawa ngumi kweli. Deusdedit hakuja kuchekesha. Alikuwa mwepesi, alikuwa na konde la kulia lililotoka bila kuaga, na mara mbili lilimfikia Twalibu juu ya jicho. Twalibu alifurahi. Miaka yote ile gunia halikuwahi kumjibu. Alianza kuona jinsi Deusdedit anavyoshusha bega kabla ya kurusha, na katika raundi ya tatu bega liliposhuka, yeye alisogea karibu, na konde lake la kushoto likapita katikati ya glovu mbili, likafika kidevuni.

Deusdedit alikaa chini kwanza, kisha akalala.

Mwamuzi akainua kidole. "Moja!"

"Uwiii!" Theopista akapiga ukelele. "Mmatumbi kaua! Jamani kaniulia mwana!"

Akapita chini ya kamba na kanga yake mkononi, na wanawake watatu nyuma yake. Wakamfunika Deusdedit kanga mpaka shingoni. Wakakaa wakimzunguka, wakaanza kulia kilio cha msiba, kile cha watani ambacho hakina machozi bali mashtaka. Mmoja alimwiga Twalibu anavyorusha ngumi, akaanguka mwenyewe. Mwingine alidai hakuna kuzika mpaka Wamatumbi watoe kuku.

"Mbili," alisema mwamuzi, kwa sauti ndogo. Kisha akasahau kuhesabu.

Uwanja mzima ulikuwa umelala kwa kicheko. Sadallah alikuwa amevua miwani kwa mara ya kwanza, akafuta macho. Twalibu alisimama kwenye kona ya upande wa pili, kama kanuni inavyotaka, glovu zimeshuka.

"Mwamuzi! Hesabu!" Mwalimu Wilbrod alipiga kelele. "Hesabu, bwana!"

Na hapo mjomba wake mwenyewe, Mzee Mshamu, damu yake, alipanda ulingoni na kuku mkononi. Alikuwa amemchukua kwa mtu. Akamtoa kwa heshima zote mbele ya maiti.

"Poleni wafiwa," alisema. "Mtani kafa vizuri. Kafa akiwa amekaa."

Chini ya kanga, Deusdedit akafumbua macho. Alitazama wanawake, akatazama kuku, akatazama mbingu. Dakika nzima ilikuwa imepita, labda zaidi. Akili ilimrudi. Akainuka.

Ndipo Twalibu akapasuka.

"Tokeni!" alipiga kelele. "Tokeni nje! Ninyi watu mna wazimu? Hii ni kazi yangu! Shangazi, toka, au nitakutoa mimi!"

Akashika kanga akaitupa nje ya kamba.

Kicheko kilikatika kama kamba. Theopista alisimama polepole. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amepigwa na butwaa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mtani wangu," alisema. "Umenuna?"

Mzee Mshamu aliinamisha kichwa, kuku bado mkononi. Mtu mmoja nyuma alisema, "Ah, kaharibu," na watu wakaanza kuondoka, wengine hata bila kutazama nyuma, kama wanaotoka kwenye nyumba ambamo mume na mke wanagombana. Mwamuzi alishauriana na Sadallah. Wakatangaza kwamba ulingo uliingiliwa, na kwa hiyo hakuna pambano. Hakuna mshindi. Hakuna aliyeshindwa.

"Nilimwangusha," Twalibu alimwambia mwamuzi. "Ulianza kuhesabu."

"Nilifika mbili, kaka."

Jioni ile Mzee Mshamu alimpeleka kwa Theopista kwa lazima, na kuku yule yule. Aliyenuna ndiye anayetoa faini. Theopista alimpokea kuku, akamkaribisha chapati, na kabla Twalibu hajakaa akamwambia kwamba anakaa kama mtu aliyeibiwa. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha. Twalibu alikula chapati mpaka ikaisha, akaaga.

Alikwenda kwa wale wa ngumi za ridhaa, wilayani. Alipanda lori la chumvi, akalala njiani, akamkuta afisa mmoja mwenye adabu.

"Wewe ulitia sahihi za kulipwa."

"Sikulipwa. Pambano halikuwepo. Walitangaza wenyewe."

"Pambano halikuwepo, sahihi ipo."

"Basi mimi bondia wa wapi?"

Afisa alifikiri kwa dhati. "Kwa sasa," alisema, "huna pa kukuweka."

Siku chache baadaye Sadallah alirudi. Safari hii hakuwa na kamba za ulingo. Alimkuta Twalibu uani akipanga mbao, akamsifu mabega, akamweleza mpango wake. Wote wataondoka kwa basi la asubuhi: Deusdedit, Theopista na wale wanawake. Dar wamechoka kuona watu wakipigana tu. Hili la msiba hawajapata kuliona.

"Wewe unamwangusha, wanalia, mjomba analeta kuku, unanuna. Ile ya kununa usiiache. Ile ndiyo iliyoniua kwa kicheko."

"Halafu?"

"Halafu anafufuka! Watu wanapiga makofi."

"Nani anashinda?"

Sadallah alimtazama kwa huruma. "Kaka, watu wanalipa kucheka."

"Nipe mtu wa kupigana naye. Yeyote. Bila malipo."

"Bila malipo siwezi kuuza tiketi."

Twalibu akakataa. Mwanawetu, aliyekuwa amesikia yote kutoka mlangoni, alitazamia kufurahi, na akashangaa kwamba hakufurahi. Usiku ule hakutwanga, na gunia halikupigwa.

"Baba Yasmini, ungekwenda," alisema. "Japo ukumbi ukauone."

"Nikauone nikiwa mchekeshaji?"

Mwanawetu akashusha utambi wa taa.

Sadallah hakusumbuka. Alihitaji Mmatumbi, na Wamatumbi walikuwepo. Asubuhi Twalibu alipofika stendi kuuliza kama kuna gogo jipya, alimkuta Mwinyimvua, mtu wake wa shimoni, amekaa ndani ya basi karibu na dirisha. Alikuwa amevaa bukta ya kijani iliyomzidi. Mwinyimvua hakuwahi kumpiga hata mbuzi.

"Usinitazame hivyo," alisema Mwinyimvua. "Nilitaka kukwambia jana. Nikaona utanipiga."

"Nani atashika msumeno?"

"Siku mbili tatu tu, Twalibu. Narudi."

Kwenye kiti cha nyuma Theopista alikuwa tayari anamwuliza dereva kama leseni yake ni ya basi au ya mkokoteni. Deusdedit alikaa peke yake. Alipomwona Twalibu alishuka, akaja mpaka karibu, akanyoosha mkono.

"Mimi pia nilikuja kupigana," alisema. "Lile konde sikuliona. Mpaka leo sijaliona."

"Usingeinuka."

"Nisingeinuka. Sadallah nimemwambia. Akasema nisirudie kusema hivyo mbele ya watu."

Akarudi ndani. Dereva akawasha gari. Mwinyimvua alitoa kichwa dirishani, na safari hii hakukuwa na mzaha usoni mwake.

"Twalibu. Yule jamaa akirusha kweli, nifanyeje?"

Twalibu angeweza kugeuka akaenda zake. Alitamani kugeuka.

"Harushi kweli. Mmepanga."

"Lakini akisahau?"

Twalibu akashusha pumzi. "Kunja kidevu. Hapa, kifuani. Usimtazame macho, mtazame bega. Bega la kulia likishuka, ngumi inakuja. Mkono wa kushoto juu. Si hivyo. Juu! Kama hivi."

Mwinyimvua akainua mikono yake myembamba nyuma ya kioo, akijaribu. Basi likaanza kwenda. Twalibu akatembea kando yake, kisha akakimbia, mikono imeinuliwa mbele ya uso ili yule aone vizuri, na watu wa stendi wakageuka, mmoja akapiga ukelele wa msiba, na wengine wakampokea, uwiii, uwiii, Mmatumbi anapigana na basi.

"Kushoto juu!" Twalibu alipiga kelele ndani ya moshi. "Mwinyimvua! Unashusha! Usishushe!"