Panya wa Binti Yangu na Kamba ya Duara

Shule niliiacha darasa la tatu, nyumba ya bati nimejenga mwenyewe. Kwa hiyo sikuona haya kumcheka binti yangu alipokuja likizo machimboni kwetu Nyarugusu na kutueleza kazi yake ya maabara: panya weupe, hawa walishwe, wale wanyimwe, kisha aangalie nani anamng'ata nani.

"Jike aliyeshiba anavipita tu vitoto vya mwenzake, baba. Akishinda na njaa, anavirukia. Siyo wote, ila huwezi kujua yupi."

"Ng'wanawane, mwanangu, ndiyo umesomea hayo? Si ungeniuliza mimi?"

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alicheka kunizidi. Duara, yaani shimo la dhahabu, lilikuwa letu sote wawili, na wiki hiyo alikuwa amefuta chakula cha mchana cha wachimbaji. Machimboni kwetu mwenye duara ndiye anayelisha. Yeye, na tumbo lile, akasema eti mwenye njaa hasinzii, atachimba kwa hasira mpaka aufikie mwamba. Niligomba weee. Akanijibu zamu ya kununua unga ni yake.

Kesho yake mchana wavuta kamba wawili walikuwa wanampandisha mchimbaji kutoka chini, wakagombea kipande cha michembe, viazi vile vikavu. Watu wapole, wanaolala mkeka mmoja! Mmoja akaachia mpini wa winchi, akamtwanga mwenzake. Mwenzake naye akaachia. Mpini ukazunguka, kamba ikakimbia na mtu ananing'inia. Niliuzuia kwa bega, na bega hili mpaka leo halibebi ndoo.

"Mnaniua, washenzi nyie!" sauti ikatoka shimoni.

Tukampandisha. Alikuwa mweupe kwa vumbi. Akauliza neno moja tu: "Kumepikwa?"

Shemeji akaanza kuwatukana wale wawili, eti wanyama. Mimi nikamkabidhi ncha ya kamba.

"Sawa, shemeji. Sasa shuka wewe. Wanyama wako watakushikia. Hawajala bado."

Akautazama mpini, akawatazama wale wawili. Hata panya angeelewa mapema zaidi. Akaondoka kwa miguu, jua la saa nane, yeye ambaye hata maji huletewa kitini, akarudi na kiroba cha unga begani, anahema.

Binti yangu alikuwa ameshafika duarani na kubandika maji ya ugali. Alipokea unga bila hata kumwangalia.