Ukurasa wa Kambere Wawili

“Maman Précieuse, weye uko nasali kwa luga gani? Kila asubui nasikia unarudilia maneno ileile, na amina haifike hata siku moja.”

Godelive, muuza samaki wa Butembo, alimuuliza jirani yake hivyo siku moja, akiwa amesimama upande wake wa ua. Hakuwa anatania. Ukuta uliopo kati ya nyumba zao ni wa mbao, na kwa juma zima alikuwa amesikia sauti ya mwanamke ikisoma jambo lilelile, ikinyamaza, ikianza tena.

Clémence Kavugho, ambaye majirani humwita Maman Précieuse, hakuwa anasali. Alikuwa anasoma maelezo ya lugha ya kompyuta, yale ambayo watengenezaji wa lugha huyatoa ili mwandishi wa programu ajue amri gani inafanya kazi gani. Alikuwa anayasoma kwa sauti kwa sababu kwa macho peke yake hayakumwingia.

“Nilimujibu ukweli,” anasema Kavugho, ambaye humwita Godelive Yaya, yaani dada mkubwa. “Nikamwambia, Yaya, hii ni kama sala ya mutu mwenye hajue anaomba nini.”

Ni asubuhi ya leo, misa ya kwanza imekwisha. Kavugho ameketi kwenye kiti kifupi nyuma ya meza ya Godelive sokoni. Samaki wamefika kutoka Kyavinyonge. Godelive anakwangua magamba. Kavugho ana karatasi mapajani na kalamu nyuma ya sikio. Anasoma sentensi moja, polepole.

“‘Thamani inahusishwa na ufunguo.’”

“Njo nini hiyo?”

“Ngoja, Yaya, nijaribu ingine. ‘Kila kitu unachokiweka, kipe jina, ili ukikitaka ukiite kwa jina lake.’”

“Hiyo nimesikia. Ile ya kwanza ondosha, inanuka kupita samaki yangu.”

Wateja wanacheka. Kavugho hacheki, anapiga mstari juu ya sentensi ya kwanza na kwenda kwenye inayofuata.

Hivi ndivyo anavyofanya kazi. Godelive hajui kuandika programu, na ameshasema mara nyingi kwamba hana haja ya kujua. Lakini ana masikio, ana akili, na haoni haya kuuliza. Sentensi ikimfanya aulize “njo nini,” yaani ndiyo nini, Kavugho anaihesabu kuwa bado haijaiva.

Kavugho ana umri wa miaka thelathini na sita. Alisomea kompyuta katika taasisi moja ya hapa mjini na ana diploma yake. Mchana anatengeneza simu na kompyuta za watu, na kwa mwezi mzuri anapata kama dola mia moja. Baada ya hapo anaandika programu ndogondogo kwa maduka na vyama vya wakulima. Anavaa rozari shingoni hata akiwa amelala chini ya meza anatafuta waya.

Ukimtajia maelezo ya lugha za kompyuta, sauti yake inabadilika.

“Batu banazani maneno magumu ni alama ya akili. Miye nasema ni uvivu. Mwenye kuandika alichoka kueleza, akatupa neno kubwa pale, akaenda zake. Unaona neno la kwanza, unatafuta maana, banakutuma kwa neno la pili. Unafika kwa la pili, banakurudisha kwa la kwanza. Na mega za internet umelipa! Umelipa ili urudishwe kwa mulango wenye uliingilia.”

Halafu anaongeza, kwa upole kidogo: “Padri akisoma Injili, na batu wote batoke kanisani bila kujua Yesu alifanya nini, utasema kosa ni ya batu?”

Hasira hiyo ina chanzo chake, nacho kiko Kalunguta.

Miaka mitatu iliyopita, chama cha wakulima wa kahawa huko kilimwomba programu ya kutunza hesabu ya kilo ambazo kila mkulima ameleta. Kavugho akaiandika. Kila mkulima aliwekwa kwa jina lake, na kilo zake chini ya jina hilo. Aliijaribu nyumbani, ikaenda sawa.

Ila katika familia za Wanande, watu wa huku, mtoto hupewa jina kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Kambere wengi, na wawili kati yao kuitwa Kambere Kitsa si ajabu kwa mtu yeyote. Watu wanawatofautisha bila shida: huyu ni wa karibu na daraja, yule ni wa chapeli. Kompyuta haijui daraja wala chapeli.

Kambere wa chapeli alileta kahawa yake asubuhi. Kambere wa daraja akaleta yake mchana. Kompyuta ikatupa kilo za yule wa kwanza na kuweka za wa pili mahali pake. Haikulia, haikuuliza.

Siku ya malipo, Kambere wa daraja alitangulia, akachukua haki yake. Kambere wa chapeli alipofika, karani Josaphat aliangalia kioo cha mashine akatikisa kichwa.

“Muzee, hapa inaonyesha umekwisha kukamata malipo yako.”

“Nimekamata wapi? Miye ndiyo nafika.”

“Machine haidanganyi, Muzee.”

“Basi njo miye nadanganya?”

Nyuma ya mstari mtu mmoja akapaza sauti kwamba Kambere anataka kula mara mbili, na watu wakacheka. Mzee huyo ndiye anayeongoza sala kwenye chapeli ya kijiji wakati padri hayupo. Jumapili iliyofuata hakwenda. Wala iliyofuata hiyo. Mkewe alisema anakaa ndani, mlango umefungwa, na chakula anakigusa tu.

Kavugho aliitwa. Alipolijua kosa, alirudi kwenye maelezo ya lugha ile kuangalia kama lilikuwa limeandikwa. Lilikuwa limeandikwa. Yako kwa Kifaransa, na hata ukiyaleta katika Kiswahili yanabaki hivi: “Ukabidhi kwenye ufunguo tangulizi hubadilisha uhusiano wa kiramani kwa namna haribifu.”

“Nilikuwa nimepita juu ya hiyo sentensi mara nyingi,” anasema. “Njo ile Yaya Godelive alisikia akazani ni sala. Donc maana yake ni nini? Ukiweka kitu kipya kwa jina yenye iko tayari, cha zamani kinapotea. Basi! Maneno ya kumwambia mutoto. Kosa langu nimelibeba. Lakini mwenye alijua shimo iko pale, akaifunika na maneno, naye abebe yake.”

Alipanda pikipiki hadi Kalunguta. Akasimama pale pale kwenye mizani, watu wakiwa wamejaa, akasema kwamba Mzee Kambere wa chapeli alisema kweli na mashine ndiyo iliyosema uongo, kwa sababu yeye aliifundisha vibaya. Chama kikampa mzee haki yake. Programu ikatengenezwa upya, kila mkulima akapewa namba yake.

Kambere hakumlaumu. Alimshika mkono tu.

“Binti yangu, hiyo imeisha. Lakini andika hiyo kintu mahali, batu basome. Mwingine asiitwe mwizi juu ya jina yenye baba yake alimupa.”

Kavugho aliahidi. Tangu hapo amekuwa akiandika kitabu cha maelezo ya lugha hiyo kwa Kiswahili cha kusikika, sentensi kwa sentensi, mbele ya meza ya samaki. Ukurasa wa kwanza ni wa Kambere wawili, na wenyewe wote wawili walikubali majina yao yaandikwe.

Mwaka huu kituo kimoja cha kufundisha vijana huko Beni, katika komini, yaani kata, ya Mulekera, kilisikia habari zake. Kilitaka kuchapisha kitabu, kimlipe dola mia tatu, na yeye mwenyewe aje kufundisha. Kwa mwanamke anayeishi kwa simu zilizovunjika vioo, huo ni mlango mkubwa.

Kabla ya kwenda huko kutia saini, Kavugho alieleza anachokitaka. “Nikikubaliwa, namushukuru Mungu. Nikikataliwa, padri amesema chumba cha parokia kiko wazi kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Nitapiga fotokopi, nitafundisha pale. Mutoto wa Kalunguta atajifunza hii kazi bila kwanza kuambiwa kwamba yeye ni mujinga. Hiyo nimeshaamua.”

Alhamisi iliyopita barabara ya Beni, ambayo si kila siku iko salama, ilikuwa shwari, akasafiri.

Mratibu wa kituo, Monsieur Benoît, ni mtu wa heshima aliyeletwa Beni kikazi kutoka jimbo lingine. Alimpa kiti, akamletea maji. Alikuwa amekisoma kitabu chote.

“Madame Clémence, kazi ni nzuri. Mais bijana bangu batapita mutihani wa Serikali. Kule bataulizwa ‘ufunguo’, bataulizwa ‘uhusiano wa kiramani’. Bakikosa maneno, banakosa diplome. Unataka nibadanganye?”

“Hapana, monsieur. Uko na haki. Maneno nitayaweka yote. Kwanza kintu kieleweke, kiisha tuwaambie: hiki kintu, bakubwa banakiita hivi.”

Benoît alifikiri, akakubali. Mambo yakaonekana yamekwisha. Kisha akafungua ukurasa wa mbele na kuuwekea kidole.

“Sasa hii ya Kambere tutaondoa. Maelezo ya lugha haina masimulizi ya kijiji. Wakubwa wangu wakisoma hii, watasema ni kitabu cha wamama wa soko.”

“Njo wamama ya soko walinisaidia kukiandika.”

“Madame, sikia. Ukurasa mmoja tu. Toa huo, tunasaini sasa hivi.”

“Huo hautoki.”

“Utaweka kanuni peke yake, bila bale batu. Kuna ubaya gani?”

“Kanuni peke yake ilikuwa imeandikwa tangu zamani, monsieur. Haikumulinda mutu.”

Benoît alisukuma mkataba karibu yake, na kalamu juu. Pikipiki zilikuwa zinapita nje. Kavugho aliuangalia mkataba kwa muda, kama mtu anayesoma jina lake juu ya msalaba wa kaburi na kutaka kuwa na uhakika. Kisha akanyoosha mkono, akapita juu ya kalamu, akachukua kitabu chake.

“Lakini Madame! Unaacha kazi juu ya mutu mumoja wa Kalunguta?”

Kavugho alipanga kurasa, ule wa Kambere ukakaa juu. Akazifunga ndani ya kitenge, akafunga fundo, akasukuma kiti mahali alipokikuta, akatoka.