Mama Hassan alivyogeuka mwongoza watalii Granada, na mimi mkalimani wake

Salaam aleikum wakuu. Na wale wa habari, habari zenu.

Naona vijana humu mnaringishiana picha za Dubai na Zanzibar. Sawa. Leo na mimi mzee wa Bulla Pesa, Isiolo, naweka yangu mezani. Picha sina, kamera hatukuwa nayo. Lakini wallahi haya yalitokea, na shahidi yuko hapa nyuma yangu anachambua mchele.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mimi dereva wa lori, napeleka mbuzi Nairobi, narudi na unga na sukari. Mke wangu, Mama Hassan, anauza vitambaa sokoni. Safari ya mbali tuliyokuwa tumefanya pamoja ni Meru, tena ilikuwa ya hospitali.

Kaka yake alikuwa baharia, akaoa Spain, akatulia huko pwani. Akatutumia tiketi za ndege twende tumwone.

Mtaani wengine walidhani Spain iko karibu na Maka. Jirani mmoja akatuletea chupa tumjazie maji ya zamzam. Tukamweleza hatuendi huko, akaudhika, akasema tunamnyima. Tukabeba chupa tu, yaishe.

Kwa shemeji tulikaa vizuri. Lakini Mama Hassan alikuwa na lake moyoni. Utotoni, maalim wake wa madrasa pale mtaa wa Wabera aliwasimulia habari za mji wa Granada, jumba la masultani lenye kuta zilizoandikwa Kiarabu chini hadi juu, na uwanja wenye simba wa mawe.

"Baba Hassan," akaniambia, "mimi sirudi Isiolo kama sijaona hao simba."

Tukapanda basi, wawili tu.

Tulipanga chumba cha bei ya chini kabisa. Kitanda kimebonyea katikati, kila mtu analala upande wake, asubuhi mko wote shimoni. (Kwa hilo sikulalamika.)

Hoteli za kula tulizitazama kwa dirisha. Chakula chetu ni mkate na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaangwa ikahifadhiwa kwa samli, Mama Hassan aliibeba kwa mkebe kutoka nyumbani. Tunakula tumekaa kwa ngazi za kanisa, paka wa mtaa mzima wametuzunguka kama tumewaita mkutano.

Kesho yake tukapanda mlima kwa miguu hadi kwa jumba. Watalii wenye pesa walikuwa na mwongozaji, mama mwembamba ameinua mwavuli juu kama bendera. Sisi tulilipa kiingilio tu.

Huko ndani Mama Hassan akasimama mbele ya ukuta. Halafu akaanza kusoma kwa sauti, kidole kinafuata herufi hewani.

"Wala ghaliba illallah." Hakuna mshindi ila Mungu.

Bibi mmoja Mwingereza akasikia. Akaniuliza, anasema nini? Nikamtafsiria kwa Kiingereza changu cha barabarani. Akaita mzee wake. Mzee akaita wengine. Kidogo kidogo tuna kundi.

Shida ilianza tulipofika mahali herufi zimesokotana kama mizizi. Mama Hassan akakwama. Watu wanangoja, macho kwangu.

Wakuu, ningefanya nini?

Nikawaambia, hapa imeandikwa kwamba sultani alitaka kuoa mke wa pili, mke wa kwanza akamfukuza chumbani, ndiyo akajenga ukumbi huu wote kuomba msamaha.

Wakina mama wakapiga makofi! Mmoja akaandika. Mama Hassan, ambaye Kiingereza alikuwa anakielewa kuliko nilivyojua, akanifinya mbavu.

Nikanogewa. Dirisha nikalitungia historia. Mlango pia. Nikageuka, naona hata watu wa ule mwavuli wamehamia kwangu.

Mama wa mwavuli akaita askari.

Tukapelekwa ofisini. Mkubwa wao akaniambia hapa hakuna kufanya kazi ya kuongoza watalii bila kibali, na ile hadithi ya mke wa pili ameitoa nani? Akaamua tutolewe nje, na tusirudi.

Hapo ndipo uso wa Mama Hassan ulibadilika. Akakaa chini sakafuni, akakunja miguu.

"Waambie sijaona simba."

"Mama Hassan, inuka, tutafungwa."

"Wafunge. Waambie maalim alinichapa kwa hizi herufi miaka mingi. Leo nimezikuta. Siinuki."

Nikatafsiri. Safari hii sikuongeza hata neno moja.

Mama wa mwavuli alimtazama sana pale chini. Wakaongea Kihispania na mkubwa, kwa ukali. Kisha akamshika Mama Hassan mkono, akamwinua. Akanigeukia mimi: atamwonyesha simba yeye mwenyewe, kwa sharti moja. Mimi nifunge mdomo.

Basi tukaenda. Mke wangu mbele na mwongozaji, wanawake wawili wameshikana mikono, kundi lote nyuma yao, na mimi mwisho kabisa na askari ubavuni kama mwizi wa mbuzi.

Tukafika uwanjani. Simba kumi na wawili wamebeba birika la maji mgongoni. Watu wote wanamngoja Mama Hassan.

Akawazunguka simba wote. Akainama, akamtazama mmoja usoni. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni:

"Sasa hawa ni simba ama ni mbwa wa mtaani kwetu Kiwanjani?"

Yule bibi Mwingereza akauliza, anasema nini?

Mwongozaji akanitazama. Askari akanitazama.

Nikasema, "Anasema hajawahi kuona kitu kizuri kama hiki."

Mama Hassan akacheka mpaka akashika ukingo wa birika. Na alipomaliza kucheka niliona anafuta macho kwa ncha ya shuka aliyojitanda, na akakaa hapo muda mrefu anasoma maandishi ya birika, polepole, midomo tu inacheza. Sikumharakisha.

Nilichojifunza: ukisafiri na mtu anayejua kusoma, mwache asome, na wewe ujue saa ya kunyamaza.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani mwingine humu amewahi kutafsiri kitu ambacho hakikusemwa? Mama Hassan anasema ataanza kusoma majibu akimaliza mchele.