Mchinja Kuku Atakiwa Kutolewa Nyongo

Miaka ishirini na sita mchinja kuku alisimama mbele ya meza ya saruji nyuma ya soko, akipasua kuku na kutoa matumbo. Kifuko cha nyongo kilichojibanza chini ya ini alikitenga kwa ncha ya kidole, maana kikipasuka tu, nyama yote huwa chungu na mteja haji tena. Wenye haraka walikwenda kwa wengine. Wenye wageni nyumbani walimngoja yeye.

Yeye mwenyewe alipoanza kuumwa ubavu wa kulia kila akila mafuta, alinyamaza kimya. Mkewe ndiye aliyemkokota hospitali, akinung'unika njia nzima kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari, mwanamke wa rika la binti yao, akawaonyesha picha. Mfuko wa nyongo ulikuwa umevimba na kujaa vijiwe. Ulipaswa kutolewa.

“Nitolewe nyongo? Mwanangu, kuku wote niliowatoa nyongo, sijaona hata mmoja aliyeamka.”

Mkewe alicheka mpaka akajifuta machozi. Mchinja kuku hakuwa anatania hata kidogo.

“Wale walishakufa, mzee,” daktari alisema. “Nyongo inatengenezwa na ini. Huo mfuko ni ghala tu. Tukiutoa, nyongo itashuka yenyewe kidogo kidogo kwenye utumbo na kuyavunjavunja mafuta. Tezi za mate zipo, kongosho nalo litaendelea kumwaga maji yake ya kusaga chakula. Utakula kama kawaida.”

“Nikikataa?”

“Mfuko unaweza kupasuka, nyongo imwagike tumboni.”

Hilo halikuhitaji maelezo. Aliogopa, tena sana, na mkewe akaacha kucheka. Mchinja kuku akaitazama mikono ya daktari, vidole vyembamba, kucha fupi.

“Wewe umewahi kuipasua ukiwa kazini?”

Daktari aliiweka picha mezani.

“Mara moja. Tulisafisha, mgonjwa akapona.”

Mkewe alishainuka, mkoba begani, tayari kuondoka na mumewe. Mchinja kuku hakujongea. Angejibiwa kwamba haijawahi kutokea, angekuwa wa kwanza kutoka mlangoni.

“Keti, mama watoto,” alisema. “Mimi nimezipasua nyingi tu, nikaziosha nyama kwa siki na kuziuza. Daktari, niandikie tarehe.”