Mashine Iliyokosa Jina

Wiki iliyopita jirani yangu wa hapa Chemchem alipaka geti lake rangi ya mafuta, ile nyekundu ya kuzuia kutu, na harufu ya rangi na tina ya kuizimulia ikaingia ndani mpaka jikoni kwenye maharage. Nilikaa chini. Baadaye nikachukua daftari, maana mtu aliyeishia darasa la saba kama mimi hana pengine pa kuweka jambo likimzidi. Sina hakika kama nitalieleza vizuri. Nitajitahidi tu nisimwonee mtu, hasa wazazi wangu, ambao hawapo tena wa kujitetea.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Karakana yake ilikuwa uani kwetu, Itetemia, mabati machache juu ya nguzo za miti. Tulizaliwa mapacha, wasichana. Kulwa alitangulia, mimi Doto nikafuata. Kwetu hakuna anayehangaika kuwatafutia mapacha majina. Majina huwa yamekuja nao. Basi baba akawa Baba Kulwa na mama akawa Mama Kulwa. Kwa jina langu hakuitwa mzazi yeyote, na kusema kweli sikuliona jambo hilo mpaka Kulwa alipofariki kwa homa, mvua zikiwa zinaishia, tukiwa na miaka saba. Watu waliendelea kumwita mama Mama Kulwa. Wangemwitaje tena?

Kiangazi kile baba alitengeneza mashine ya kubangulia karanga. Kubangua kwa mikono kulikuwa kazi ya wanawake, na kila msimu ukiisha vidole gumba vya mama vilikuwa vimepasuka kama udongo wa mbugani. Baba alichukua pipa akalikata nusu, akatia wavu wa nondo ndani na mkono wa kuzungusha pembeni. Majirani walisema ni huzuni iliyomfanya ashinde karakana. Mama aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameianza kabla ya msiba. Naandika yote mawili.

Bwana mmoja wa ofisi ya viwanda vidogo alikuja kuiona. Akaizungusha, akaisifu, kisha akasema, "Fundi, kitu kipya hakiuziki bila jina. Tafuta jina fupi, linalotamkika, ambalo mwingine hana."

Alipoondoka, baba mdogo Masanja, mdogo wake baba, akavuta kigoda.

"Iite Simba."

"Simba anakula karanga?" mama akauliza.

"Basi Tembo."

"Tembo atazikanyaga."

"Shemeji, wewe hujui biashara. Weka Supa mbele. Supa Karanga. Mtu wa mjini akiona supa, mkono unaingia mfukoni wenyewe."

Tulicheka, hata mama, na ilikuwa siku nyingi hajacheka. Baba hakucheka. Alikuwa anafuta grisi vidoleni. "Itaitwa Kulwa," akasema.

Baba mdogo akatazama viatu vyake. Mama akainuka kwenda kuanua nguo ambazo, nakumbuka vizuri, zilikuwa bado zinachuruzika maji.

Baba akakata herufi kwenye boksi la sabuni, akalibana juu ya bati, akapitisha brashi. KULWA.

Mashine ilipendwa. Akatengeneza nyingine na nyingine, zikaenda Ntalikwa, zikafika Nzega na Igunga, na kila moja ilikuwa na jina lile lile tumboni. Wateja wakawa wanazungumza kama watu wanaotoa habari za mtoto aliyeolewa mbali. "Kulwa wangu leo ana njaa, sina karanga za kumpa." "Kulwa anamaliza gunia kabla ya adhuhuri." Mama akaanza kusogeza ungo wake karibu na karakana ili asikie. Mara moja nilimkuta anatabasamu peke yake. Niseme haki: jina lile lilimsaidia, kwa muda.

Mimi nilikuwa na wivu. Naona aibu kuandika, lakini nilimwonea wivu marehemu. Na watu hawakunisaidia. "Doto, mwenzio yuko Igunga siku hizi," walinitania njiani, "wewe unangoja nini?"

Msimu uliofuata mashine za mwanzo zikaanza kurudi kwa matengenezo. Siku moja mkulima wa Ntalikwa, mtu mpole sana, alisimama mlangoni na baiskeli, mashine imefungwa nyuma kwa mpira. Mama alikuwa anapepeta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Fundi yupo? Kulwa amekufa."

Hakuwa na ubaya wowote. Gari likizima njiani tunasema limekufa, redio ikinyamaza imekufa. Angesemaje? Mama aliweka ungo chini taratibu. "Pole," akamwambia. "Mpitishe ndani."

"Nadhani ni beringi tu," mkulima akasema.

Mimi nilicheka. Mama hakunitazama.

Siku zile baba alikuwa anamalizia mashine nyingine, ya kupukuchua mahindi. Hiyo haikuhitaji kikao. Wateja walikuwa wamekwisha kuipa jina wenyewe: "Fundi, Doto anatoka lini?" Baba akatafuta boksi lingine, nami nikamshikia upande mmoja alipokuwa anakata. Herufi nne, mbili zinafanana. Nilijiona tayari niko juu ya lori naelekea Igunga, watu wananisubiri.

Mama akatoka jikoni. "Baba Kulwa, hilo jina hapana."

"Watu wameshaagiza Doto."

"Waagize lingine."

"Mama Kulwa, jina ndilo linalouza. Hata yule bwana alisema."

"Lile la kwanza hukuniuliza, nikanyamaza. Hili hapana."

Baba mdogo Masanja, ambaye hakupenda kuona watu wakigombana, akaingia kati. "Basi iite Shija, shemeji. Si ndiye anayefuata mapacha?"

Mama akashika tumbo kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. "Shija hajazaliwa," akasema. "Msimtumie kabla hajafika."

Hakufika. Mimi ndiye wa mwisho wao.

Kesho yake mchana, baba akiwa ndani anakula, nilichukua boksi na brashi nikaandika mwenyewe. Nililiweka boksi kinyume. O na T ukizigeuza hazionyeshi, lakini D ilitokea mwisho kabisa, imegeuza mgongo upande usio wake. Hata hivyo niliona limependeza.

Mama aliliona kwanza. Hakupiga kelele wala hakunichapa. Alimimina tina kwenye kitambaa akasugua bati mpaka likang'aa, tina ikiingia kwenye vile vidole vyake vilivyopasuka. Kisha akanishika mkono akanifuta kidole kimoja kimoja, kwa nguvu, na rangi ilipokwisha akaendelea kufuta. Ngozi iliniwaka. Nikamwambia, "Kulwa ndiye mtoto wako." Ningependa kuandika kwamba hakusikia, lakini alisikia.

Mashine ilitoka bila jina. Watu waliiita "ile ya mahindi", wakaiagiza wachache. Baadaye zikaja za madukani zenye majina yanayometameta, na pengine Doto naye asingezimudu, siwezi kuapa. Baba alilalamika mara moja tu. "Tumeiua wenyewe, Mama Kulwa," akasema.

"Afadhali," mama akajibu.

Nilimwekea mama kinyongo miaka mingi. Nilipoolewa nilitoka kwao kama mtu anayetoka nyumba ya watu baki. Alipougua nilimuuguza, hilo nililifanya, lakini sikumuuliza kwa nini alilikataa jina langu, naye hakusema.

Tulikuwa tumekwisha kumzika siku nilipokuwa sokoni Nzega, mwanangu mgongoni, ana homa kidogo. Mwanamume mmoja alikuwa anamwita mwenzake ng'ambo ya barabara.

"Kulwa wako bado anabangua?"

"Kulwa kafa zamani, nimemtupa kwa watu wa vyuma chakavu."

Wakacheka, wakaendelea na habari za bei ya mbolea. Nilisimama pale na joto la mtoto mgongoni, nikamwona yule mkulima mpole tena, na baiskeli yake, anabisha kwetu msimu mwingine. Shikamoo, mama. Fundi yupo? Na mama anatakiwa aitikie, aseme karibu, wakati jina linalofuata ni la mtoto aliyebaki.

Kumbe alipolifuta jina langu alikuwa ananitoa pale. Nilikuwa na miaka minane, na mtoto wa miaka minane huelewa kwa ngozi yake tu. Katika haya yote nimejaribu kumtendea haki kila mtu: baba, baba mdogo, hata mkulima wa Ntalikwa. Kwa mama nimechelewa.