Wense na Picha ya Pili

Mimi ni fundi cherehani wa Pasua, si ndizi ya kuvundikwa. Lakini tangu nijifungue, mama mkwe wangu, Mama Dominika, ameniweka ndani kwake huku Kilema. Kwetu mzazi analishwa miezi mitatu, sawa, sikatai. Mitatu imekwisha, mwezi wa nne huu, bado naletewa mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori jioni. Nikiuliza lini natoka, ananijibu, "Mifupa haijakaza." Nikimpigia mume wangu Remigius, ambaye yuko Holili na malori yake, anasema, "Msikilize mama." Jamani!

Ndiyo maana Kornelia alipokuja kutoka chuoni kuchunguza namna watoto wachanga wanavyofikiri, nilimkubalia mbio. Angalau sura mpya. Akanikalisha, mwanangu Wense mapajani, kompyuta mbele yetu, kisha akanifunga kitambaa machoni.

"Ukiziona picha, utamwelekeza bila kujua," alisema.

Haya, na macho nayo yakafungwa.

Aliponifungua, alitueleza mimi na Mama Dominika. Alimwonyesha Wense duara lilelile, tena na tena. Mwanzoni mtoto alilikodolea macho, mwishowe akageuza uso. Ilipokuja picha ya pili, isiyofanana na duara, akaitazama na kuitazama.

"Hawezi kusema, lakini macho yanatuambia," alisema Kornelia. "Anakumbuka alichokiona. Kilekile kinamchosha, kipya anakitambua."

Hapo nikapata ulimi. "Mama, umesikia? Kitoto hiki kinachoshwa na kilekile, sembuse mimi! Kesho narudi Pasua na mwanangu."

Mama Dominika hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimbeba Wense, akacheka kwa furaha.

"Mjukuu mwenye akili hivi aende kwenye vumbi la Pasua? Mtoto wa kwanza ni wa bibi, unajua. Wewe nenda kashone, mwanangu, sikuzuii. Maziwa ya ng'ombe yapo."

Kornelia akakusanya nyaya zake, akaaga.

Asubuhi nilivaa gauni langu jekundu na viatu vya mjini, nikasimama mlangoni na mkoba. Wense alikuwa mapajani kwa bibi yake. Amezoea kuniona na khanga ileile, chumba kilekile. Sasa alinikodolea macho, hakuyabandua, hata bibi alipomwita. Alinitazama kama ile picha ya pili, kama mgeni kwake.

Nikavua viatu.

"Mtori upo?" nikauliza.

"Upo, mwanangu. Kaa."